Mwalimu haji, mwanafunzi haji: njia za kuendesha shule wakati wa janga, zikilinganishwa

Kufunga shule au kuziacha wazi ni uamuzi unaotoka juu. Wakati wa korona, Tanzania ilifunga shule zake Machi 17, 2020 na kurudisha wanafunzi wote Juni 29. Kenya ilifunga katikati ya Machi, ikaanza kurudisha madarasa machache Oktoba 12, na wote wakarudi Januari 4, 2021. Uganda ilifunga Machi 20, 2020, ikafungua vipande vipande na kufunga tena, hadi Januari 10, 2022 ilipowaita wanafunzi wote. Milango ikishafunguliwa huku ugonjwa bado upo, mzigo unahamia kwa mwalimu mkuu. Kila asubuhi kuna walimu wasiofika na watoto wasiofika, na kengele inalia kama kawaida.

Hapa tunalinganisha njia za kuziba mapengo hayo mawili. Tunayaweka mbali kwa makusudi, kwa sababu njia inayomsaidia mtoto aliye nyumbani mara nyingi humla mwalimu aliyebaki shuleni, na shule nyingi hugundua hilo wakati walimu wameshachoka.

Hesabu ya kwanza: una walimu wa akiba au huna?

Chukua shule ya msingi ya serikali Tanzania yenye mikondo 14, miwili kwa kila darasa, kila mkondo watoto 45. Jumla ni 630. Kwa uwiano rasmi wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, shule ina walimu 14, mwalimu mkuu akiwemo. Hakuna wa ziada. Walimu watatu wakiugua, mikondo mitatu haina mtu tangu asubuhi.

Sasa chukua sekondari ya Kenya yenye mikondo 8, kila mkondo vipindi 40 kwa wiki. Hivyo ni vipindi 320. Mwalimu mmoja akibeba vipindi 27, walimu 12 wanatosha. Wakati wowote, wanane wako darasani na wanne wako ofisini wakisahihisha au kuandaa masomo. Wakiugua watatu, kwa wastani madarasa mawili yatabaki wazi, lakini ofisini bado wamo watatu. Wawili wanaziba, mmoja anabaki.

Tofauti hii ndiyo inayoamua mengi. Ushauri wa "tumia walimu wenye vipindi huru" ni mzuri kwa sekondari. Kwa shule ya msingi yenye walimu sawasawa na mikondo, hauna kazi. Kabla ya kuchagua njia yoyote, andika kwenye karatasi idadi ya mikondo, idadi ya walimu, na idadi ya walimu unaoweza kuwakosa kabla darasa hata moja halijabaki bila mtu. Kwa shule ile ya msingi, jibu ni sifuri.

Hesabu ya pili: kwa nini mtoto hayupo?

Rejista yenye alama ya "yupo" na "hayupo" pekee haisaidii wakati wa janga. Ongeza herufi nne: M kwa mgonjwa, K kwa anayekaa karantini ilhali ana afya, H kwa anayezuiwa na mzazi kwa hofu, na N kwa sababu nyingine: ada, shamba, biashara, ujauzito, kuhama. Mwalimu wa darasa aijaze kabla ya kipindi cha tatu, na Ijumaa mtaaluma (mwalimu anayesimamia masomo ya shule nzima) ajumlishe.

Kila herufi inadai hatua yake. Mtoto wa M aachwe apone. Kumrundikia kazi ni kumuonea. Wa K ana nguvu na muda, huyu ndiye wa kupelekewa masomo kamili. Wa H anahitaji mzazi wake aalikwe aone sehemu za kunawa mikono na jinsi madawati yalivyopangwa, na mara nyingi mazungumzo hayo hutosha. Wa N ndiye anayepotea. Shule zilipofunguliwa baada ya likizo ndefu ya korona, wasichana wengi waliokuwa wajawazito au wamejifungua hawakurudi. Kenya ilikuwa na sera ya kuwapokea tena. Tanzania ilitangaza ruhusa hiyo Novemba 2021. Lakini sera haimtoi mtoto nyumbani. Anayemtoa ni mtu anayekwenda kugonga mlango, na hawezi kwenda kama rejista haikumtofautisha msichana huyo na mwenzake mwenye mafua.

Nani asimame mbele ya darasa

*Kuunganisha mikondo.* Hii ndiyo njia inayokimbiliwa kwanza, kwa kuwa haihitaji kibali, fedha wala mtu mpya. Januari 2022, wakati takriban asilimia 8.6 ya walimu na wakuu wa shule za England hawakuwa kazini, waziri wa elimu Nadhim Zahawi aliwaandikia wakuu akiitaja miongoni mwa njia za kutumia. Kule darasa huwa na watoto wapatao 30, hivyo mawili ni 60. Kwetu 45 na 45 ni 90, na mahali pengi ni zaidi.

Tazama kinachotokea ndani ya chumba. Madawati 15 ya watoto watatu yanakaliwa na watoto sita sita, au nusu wanakaa sakafuni. Daftari 90, ukizipa dakika mbili mbili, ni saa tatu za kusahihisha kwa somo moja. Mwalimu hawezi, kwa hiyo anaacha kusahihisha, na siku ya tatu watoto wanaacha kuandika. Kubwa kuliko yote, kama kuna mtoto mmoja anayeambukiza, umemweka karibu na wenzake 89 badala ya 44, na mwalimu uliyemwokoa jana ndiye atakayeugua wiki ijayo.

Kwa maoni yetu kuunganisha kusizidi siku mbili, na kufanyike kwa mikondo ya darasa moja (la nne A na la nne B), nje chini ya mti au kwenye baraza. Chagua kazi zinazovumilia wingi: kusoma kwa sauti, hadithi na maswali ya mdomo, michezo, majedwali ya kuzidisha. Usifundishe mada mpya ya hisabati mbele ya watoto 90.

*Walimu wa vipindi huru.* Kwa sekondari hii ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza, kwa masharti mawili. La kwanza ni kikomo: mwalimu asichukuliwe zaidi ya vipindi vitatu kwa wiki juu ya vyake. Akifikishwa vinane au tisa, kusahihisha kunahamia usiku, na mtu aliyechoka akiugua hukaa nje muda mrefu. La pili ni faili la dharura.

Faili hilo ni bahasha moja kwa kila somo na kila kidato, linakaa ofisi ya taaluma, si kwenye mkoba wa mwalimu. Ndani yake kuna kazi za vipindi sita ambazo mtu asiye wa somo hilo anaweza kuzisimamia: ukurasa wa kitabu, maswali, majibu, orodha ya wanafunzi na mahali darasa lilipofikia kwenye azimio la kazi, yaani mpango wa mada za somo. Linaharibika kwa namna moja kila mara: linaandaliwa Januari na kufunguliwa Julai, mada zikiwa zimepitwa. Mtaaluma aliombe upya kila mwezi, siku ileile anayokagua maandalio.

Kuna na suala la saa. Mwalimu asiyeweza kufika apige simu kabla ya saa 12:45 asubuhi. Saa 1:10 jedwali la wanaoshika nafasi liwe limebandikwa ukutani. Shule inayosubiri hadi kengele ndipo itafute nani hayupo hupoteza kipindi chote cha kwanza, kila siku.

*Zamu.* Hapa ndipo tumeona mkanganyiko mkubwa zaidi, kwa hiyo tutakaa kidogo. Watu husema "tutafanya zamu" wakimaanisha mambo mawili yasiyofanana.

Jambo la kwanza ni kugawa kila mkondo nusu kwa nusu, watoto 22 leo na 23 kesho. Hiyo inapunguza msongamano, ila kila siku bado unahitaji mwalimu kwenye kila mkondo, yaani wote 14. Haiokoi mwalimu hata mmoja. Jambo la pili ni kubadilishana mikondo mizima: mikondo yote ya A inakuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ya B Jumanne na Alhamisi, wiki inayofuata kinyume chake. Sasa unahitaji walimu 7 kwa siku. Ukiwa na 9 wazima, wawili wanabaki kuandaa kazi za nyumbani na kupiga simu. Kila mtoto anapata siku tano katika wiki mbili.

Kwa hiyo kama tatizo lako ni nafasi, gawa mikondo. Kama tatizo ni walimu, badilishana mikondo. Kama ni yote mawili, badilishana mikondo, kisha utumie vyumba saba vilivyo wazi na uwanja kutawanya watoto wa siku hiyo.

Je, zamu ya asubuhi na mchana kila siku? Faida yake ni kwamba mtoto anafika kila siku na kunywa uji kila siku, jambo zito kwa darasa la kwanza na la pili ambao vipindi vyao ni vya dakika 30 na ambao husahau herufi wakikaa siku nne bila kuziona. Hasara yake ni kwamba mwalimu yuleyule anafundisha zamu zote mbili, na hatamaliza mwezi bila kuugua. Tungeitumia kwa madarasa mawili ya chini tu, na waliobaki waje kwa siku za kupokezana.

Jambo moja hupuuzwa na kuleta ugomvi na wazazi: ndugu. Nyumba yenye watoto watatu wanaokwenda siku tofauti haina siku ambayo dada mkubwa anapumzika kulea. Kabla ya kutangaza zamu, hamisha ndugu wote wawe upande mmoja, A au B. Kazi hiyo inamalizika kwa mchana mmoja, walimu wa madarasa wakikaa pamoja na rejista zao.

*Watu wa kutoka nje.* Kenya kuna walimu wanaoajiriwa na bodi ya shule. Tanzania kuna wa kujitolea, wanaopatikana kwa kibali cha halmashauri na mchango ambao wazazi wamekubaliana. Mei 2020 serikali ya Kenya ilitenga shilingi bilioni 6.5 kwa wizara ya elimu, sehemu yake ikiwa ya kuajiri walimu 10,000. Hii ndiyo njia pekee kati ya hizi inayoongeza mikono. Nyingine zote zinagawa upya mikono iliyopo. Udhaifu wake ni muda: kibali, vyeti, usajili na fedha huchukua wiki kadhaa, wakati wimbi la ugonjwa lenyewe linaweza kuwa limepita.

Usifupishe ukaguzi kwa sababu ya haraka. Januari 2022, gavana wa New Mexico, Michelle Lujan Grisham, aliwaomba askari wa akiba na watumishi wa jimbo waingie madarasani, na yeye mwenyewe akashika darasa. Hata hao walichunguzwa kumbukumbu zao na kupitia mafunzo mafupi kama mwalimu mwingine wa muda. Mtu asiyejulikana na kata asiachiwe watoto peke yake. Na kuhusu walimu wastaafu, wapo wenye moyo na ujuzi, lakini kwa ugonjwa unaowaua zaidi wazee usiwaweke darasani. Wape daftari za kusahihisha nyumbani, au simu za kupiga.

*Kurudisha mkondo nyumbani.* England ilitumia mfumo wa makundi: mtoto mmoja akipatikana na virusi, kundi lote linakwenda nyumbani. Katikati ya Julai 2021 watoto zaidi ya milioni moja walikuwa nje ya shule kwa sababu zinazohusiana na korona, wengi wao wakiwa hawaumwi. Jaribio lililofanywa huko katika shule 201, likilinganisha karantini na kupima kila siku waliokaribiana na mgonjwa, lilionyesha kwamba kupima hakukuongeza maambukizi kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Shule zetu nyingi hazina vipimo vya kila siku, hivyo tunabaki na dalili na busara. Kumrudisha nyumbani mtoto mwenye homa na wanaokaa naye dawati moja ni hatua ndogo. Kurudisha mkondo mzima kuzungumzwe kwanza na Afisa Elimu Kata na kituo cha afya, kuwe na tarehe ya kurudi iliyotajwa siku hiyohiyo, na kazi iende na watoto mikononi.

| Njia | Inafaa kwa muda gani | Inaokoa walimu? | Huharibikia wapi |
|---|---|---|---|
| Kuunganisha mikondo | Siku 1–2 | Ndiyo, mara moja | Msongamano, daftari zisizosahihishwa |
| Vipindi huru (sekondari) | Siku 1–10 | Ndiyo, kwa kikomo | Faili la dharura lililopitwa |
| Nusu mkondo kwa siku | Wiki kadhaa | Hapana | Hudhaniwa inaokoa walimu |
| Mikondo kwa kupokezana | Wiki 2 na zaidi | Ndiyo, nusu | Ndugu kuwekwa siku tofauti |
| Walimu wa muda | Muhula | Huongeza | Kibali na fedha kuchelewa |

Kinachomfikia mtoto aliye nyumbani

*Karatasi.* Kurasa sita kwa wiki, zikichapwa pande mbili, ni karatasi tatu. Kwa shule nzima ya watoto 630 ni karatasi 1,890, karibu rimu nne kila wiki, na shule chache zinaweza kuzibeba. Lakini kama watoto 80 tu ndio wa K na H, ni karatasi 240, nusu ya rimu. Ndiyo maana rejista ya herufi inalipa. Mtoto mwenye kitabu nyumbani hahitaji hata hizo. Karatasi moja yenye namba za kurasa na maswali ya kufanya inatosha.

Zichukuliwe Jumatatu mahali ambapo mzazi hupita hata hivyo: ofisi ya mtaa, duka la kona, msikiti, kanisa. Zirudishwe Jumatatu inayofuata. Karatasi hufa kwa sababu moja kubwa kuliko nyingine zote: zinarudi shuleni na hakuna anayezisahihisha. Mtoto akituma kazi mara mbili bila kuona kalamu nyekundu, ya tatu haiji. Bora maswali matano yaliyosahihishwa kuliko ishirini yaliyorundikwa kabatini.

*Redio.* Kenya, masomo ya taasisi ya mitaala, KICD, yalirushwa kupitia KBC, shirika la utangazaji la taifa. Tanzania na Rwanda nazo zilirusha vipindi vya masomo. Redio inafika mahali ambapo intaneti haifiki, nayo haimgharimu mwalimu dakika hata moja. Lakini inafundisha kila mtoto kitu kilekile kwa mwendo uleule, haiulizi wala haijibiwi. Kwa mtoto aliyekaa nje siku kumi katikati ya muhula, kuna uwezekano mkubwa kipindi cha redio kiko mada tatu mbele au nyuma ya darasa lake. Tunaiona inafaa shule zikifungwa zote, si mtoto mmoja mmoja akikosekana.

*WhatsApp.* Haraka, na picha ya ubao inatosha kuonyesha kazi ya siku. Tatizo si bando peke yake. Simu ni ya mama au baba, inaondoka nyumbani saa 12 asubuhi na kurudi usiku. Kwa hiyo panga kwa saa ya simu, si ya shule: ujumbe mmoja kwa siku, saa 1 usiku, wenye picha moja na maelezo ya sauti yasiyozidi dakika tatu. Usitume video. Kundi liruhusu walimu pekee kuandika, vinginevyo kazi ya hisabati itazama chini ya salamu na matangazo ya harambee. Mzazi asiye na simu janja aandikwe kwenye orodha ya karatasi tangu siku ya kwanza, bila kulazimika kuomba.

*Simu ya kawaida.* Njia hii hudharauliwa, na ina ushahidi wa kuzingatia. Mwaka 2020 nchini Botswana, watafiti walifuatilia familia zipatazo 4,500. Kundi moja lilipokea ujumbe mfupi wa hesabu kila wiki. Jingine lilipokea ujumbe huo pamoja na simu ya dakika 15 hadi 20 ambamo mtoto alifanya hesabu akisikilizwa. Ujumbe peke yake haukuleta faida ya maana, ila ujumbe na simu uliinua uwezo wa hesabu. Utafiti mwingine wa simu za walimu, uliofanyika Kenya, haukuona mafanikio ya namna hiyo, kwa hiyo simu si dawa yenyewe. Inategemea kinachofanyika ndani yake. Kumuuliza mtoto "unaendeleaje na masomo?" si somo. Mpe hesabu tatu za kiwango chake, msikilize akizifanya kwa sauti, msahihishe palepale, kisha mwambie mzazi afanye naye nyingine mbili kesho.

Watoto 12 kwa dakika 20 ni saa nne kwa wiki. Mwalimu anayefundisha siku nzima hazipati saa hizo. Wale wawili waliobaki kwenye mpango wa mikondo ya kupokezana wanazipata, na hata mstaafu. Shule ndiyo inunue vocha. Mwalimu akiachiwa gharama hiyo, simu zitakwisha wiki ya pili, na si haki kumlaumu.

Tukilazimika kuchagua mbili tu kwa shule ya msingi ya kawaida, tungechagua karatasi na simu, WhatsApp ikiwa nyongeza kwa wanaoiweza.

Nani alindwe kwanza

Kenya ilipoanza kufungua Oktoba 2020 iliwaita Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne. Kutanguliza madarasa ya mtihani kunaeleweka: tarehe za mtihani hazingoji. Ndani ya shule moja moja, hata hivyo, tunasihi mwalimu mkuu asimchukue mwalimu wa darasa la kwanza kuziba la saba. Mtoto wa la saba anajua kusoma. Ukimpa kitabu na maswali ataendelea kwa kiasi. Wa darasa la kwanza akiachwa wiki tatu hawezi kujisomesha, na mzazi asiyesoma hawezi kumsaidia. Mwalimu wa la kwanza akiugua, mtu anayejua kufundisha kusoma ahamishwe kwenda huko, na la saba ndilo lipewe mwalimu wa muda mwenye faili la dharura.

Wanaporudi

Mtoto aliyekosa zaidi ya wiki mbili apimwe siku ya kwanza: asome aya moja, afanye hesabu kumi, dakika 15 kwa jumla. Anayekwama akae na wenzake wa kiwango chake, wa darasa lolote, saa moja kila siku kwa wiki nne. Usimrudishie daftari lenye kurasa arobaini anakili, atanakili asichokielewa.

Mwalimu anayerudi naye apangiwe nusu ya vipindi kwa siku tatu za kwanza, na aliyemshikia nafasi amkabidhi kwa maandishi alipofikia. Usimpigie simu kila asubuhi ukimuuliza atarudi lini. Anayerudi kabla hajapona kwa kuogopa barua ya utoro huleta ugonjwa ofisini, na wiki inayofuata unahesabu mapengo manne mahali palipokuwa na moja.